Sikio la Kulia ni la Mama

Saa mbili kasorobo asubuhi, Twaiba Kombe anafunga dirisha la chumba chake ili kelele za Kona ya Musa, hapa Ukunda, zibaki nje. Anaikaza leso kichwani, anavaa hedifoni juu yake, kisha anaufuata waya mweusi kwa vidole mpaka mahali unapogawika mara mbili.

Pini ya kwanza anaichomeka kwenye kompyuta. Ya pili anaiacha ikining'inia chini ya meza. Imeviringishwa kipande cha leso kuukuu na kufungwa kwa uzi, mfano wa kidole chenye jeraha.

"Hiyo usiiguse, tafadhali," anamwambia mgeni aliyeinama kuitazama. "Hiyo ni ya mama."

Taa ya kijani inawaka kwenye kioo. Twaiba anakohoa kidogo, ananyoosha mgongo, na sauti yake inabadilika, inakuwa ya mtu mwenye raha zake. "Karibu. Unazungumza na Twaiba. Nikusaidie nini?"

Upande wa pili, mtu wa Kisii anafoka. Kifurushi chake kina siku nne hakijafika.

Twaiba, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, hupokea simu za wateja wa kampuni moja ya kusafirisha vifurushi. Ofisi haijui sura yake ila kwa picha. Wenzake wametawanyika nchi nzima, kila mmoja chumbani mwake na kompyuta yake, na hajawahi kula nao hata kitumbua kimoja. Mshahara ni shilingi elfu ishirini na sita kwa mwezi. Chumba peke yake humeza elfu saba.

Mume waliachana kwa wema miaka sita iliyopita, na mtoto hawakujaaliwa. Majirani zake wa ploti hiyo ni wafanyakazi wa hoteli za Diani, watu wa zamu, ambao mlango ukifungwa wamelala na ukifunguliwa wametoka.

"Nazungumza na watu themanini kwa siku," asema. "Themanini! Na hakuna hata mmoja ajuaye kama nimekula."

Anayejua ni mmoja tu, naye yuko Shimoni, kusini zaidi kwenye pwani hii hii.

Bi Mejumaa, mamake Twaiba, ana miaka sabini na sita na haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya jicho moja kwanza, kisha la pili, na hospitali ilipofikiwa muda ulikuwa umekwisha pita. Anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, akisuka ukili wa mikeka kwa kupapasa.

Usiulize kwa nini hawakai pamoja. Twaiba amekwisha ulizwa hivyo na kila shangazi aliye hai, na jibu limemchosha.

Alimleta mamake Ukunda mwaka juzi. Mama alikaa siku kumi na moja. Alijigonga mlangoni, akajigonga kwenye mtungi wa gesi, akapotea kati ya kitanda na choo. Siku ya kumi na mbili alifunga furushi lake la nguo mwenyewe. "Mwanangu," alisema, "kule nyumbani nina macho. Hapa kwako ndipo nilipo kipofu."

Basi Twaiba akajaribu kuhamia yeye Shimoni. Alibeba kompyuta, akaweka meza ukumbini kwa mama. Intaneti ya simu ilimkatikia katikati ya maneno mara ishirini kwa siku, na kampuni ikamwambia achague: laini ya waya au kazi iende kwa mwingine. Waya uko Ukunda. Akarudi.

Mwanzoni hedifoni ile ilikuwa na pini moja kama za watu wote. Mchana, saa ya mapumziko, aliichomoa kwenye kompyuta na kuitia kwenye simu yake ya zamani, maana sikio la simu yenyewe lilikuwa limekufa na asiposikia kwa hedifoni hasikii kabisa. Wakaamkiana, wakaulizana hali, wakaulizana kilichopikwa. Kisha pini ilirudi kwenye kompyuta na Shimoni ikanyamaza mpaka jioni.

Ndipo ikaja Jumatano ya kuanguka.

Saa tatu asubuhi Bi Mejumaa aliteleza bafuni. Simu ilikuwa shingoni mwake katika kifuko alichoshonewa, nayo ina kitufe kimoja tu anachokijua, kile cha kumpata Twaiba. Alikibonyeza. Akakibonyeza tena. Maimuna, jirani yake, alimkuta saa tano, amelala kwenye saruji yenye maji, mkono umevimba, na kidole bado kiko kwenye kitufe.

"Nilikuta miito kumi na moja," asema Twaiba. Saa za kazi simu yake ilikuwa imezimwa mlio. Anazungusha bangili mkononi, mara moja, mara mbili. "Kumi na moja. Na wakati ule wote mimi nilikuwa namwambia mtu wa Embu asijali, tuko pamoja naye."

Wiki ile ile alikwenda kwa Kibwana, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stendi. Alitaka hedifoni ya pili. Kibwana alicheka.

"Dada Twaiba, kichwa ni kimoja hicho. Utavaa mbili kama kofia?" Akaitwaa hedifoni, akaigeuza. "Masikio unayo mangapi?"

"Mawili."

"Basi kila sikio lipate mwenyewe."

Akaukata waya. Sikio la kushoto akalipa pini ya kompyuta, la kulia akalipa pini ya simu. Maiki ilikuwa moja, naye akaiunganisha kote kuwili, ili atakalosema Twaiba lifike kwa mteja na kwa mama kwa pamoja. Alichukua shilingi mia nne na kumwonya asiuvute.

Kuanzia siku hiyo Twaiba alifanya kazi yuko mahali pawili. Kila asubuhi alipiga simu Shimoni kwa kifurushi cha dakika za bei nafuu na kuiacha laini wazi. Ikikatika, alipiga tena. Wateja hawakumsikia mama, na mama hakuwasikia wateja. Twaiba ndiye aliyewasikia wote.

Kushoto watu wa nchi nzima walililia mizigo yao. Kulia palikuwa na kuku, ufagio, ukili ukivutwa, mama akimgombeza jogoo kwa jina. Palikuwa na kikohozi cha mama baada ya uji, kwa hivyo alijua uji umenyweka. Na mama naye alikaa mlangoni akimsikiliza mwanawe akisema yale yale toka asubuhi mpaka alasiri: karibu, samahani kwa usumbufu, ukikwama tupigie tena kwa namba hii ya bure. Miezi minne ilikwenda hivyo, na Twaiba anaiita miezi minne ya raha.

"Hatukuwa tukizungumza sana," asema. "Mnapoishi nyumba moja, kwani mnazungumza kutwa? Mnasikiana tu."

Lakini kuna jambo ambalo Kibwana hakulipigia hesabu, wala Twaiba mwenyewe.

Kwao Shimoni mtoto wa kike akiitwa na mamake haulizi "nini?" wala hasemi "ngoja." Huitika kwanza, "Abee!", na huitika kwa sauti, hata akiwa na tonge mdomoni. Asiyeitika huambiwa hakufunzwa, na aibu si yake peke yake. Twaiba alifunzwa sawasawa.

Siku moja alikuwa na bwana mmoja wa Nakuru sikio la kushoto. Pampu yake ya maji ilikuwa imepelekwa Garissa na bwana amepandisha mori, matusi yako mlangoni. Mara kulia mama akaita, "Twaiba!"

"Abee mama!" akaitika Twaiba, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua.

Bwana wa Nakuru aliyaacha matusi yake. Kisha akasema polepole, "Dada, mimi ni mwanamume."

Lo! Twaiba anacheka mpaka leo akilisimulia, mkono mdomoni. Lakini simu hizo hurekodiwa, na kila siku wasimamizi huchagua chache za kusikiliza. Hiyo ilichaguliwa. Msimamizi wake, Maryanne, mwenye ofisi yake Nairobi, alimpigia na kumpa onyo la kwanza.

Baada ya hapo alijitahidi. Alijiuma ulimi. Alibandika karatasi juu ya kioo cha kompyuta: USIITIKE. Mama akiita, alingoja amalize na mteja, kisha akaitika, huku moyo unamsuta kama mtu aliyeruka sala. Wiki tano zilipita salama.

Onyo la pili lilikuja kwa sababu ya sufuria. Alisikia kulia kifuniko kikitetema, akajua maji yamechemka. Kisha akasikia mkono wa mama ukipapasa mezani, ukikaribia jiko.

"Mama, usiliguse hilo, ni la moto!"

Kushoto alikuwapo mwalimu wa Machakos aliyekuwa akingoja vitabu. "Sijagusa kitu, dada," alijibu kwa woga. "Nimekaa tu."

Mkono wa Bi Mejumaa ulipona. Mwalimu alipiga tena kulalamika kwamba amehudumiwa na mtu ambaye akili yake iko kwingine.

Maryanne, alipoelezwa habari za ile pini ya pili, hakufoka. Twaiba asema ingekuwa afadhali angefoka. "Twaiba, wewe uko sawa, wateja wanakupenda," alimwambia. "Lakini hiyo laini ni ya kazi. Sitaki kusikia simu yako imeunganishwa hapo tena. La tatu si onyo. La tatu ni barua."

Jioni ile alimweleza mama. Alijitayarisha kwa maswali na kwa machozi. Bi Mejumaa alisema, "Haya mwanangu. Kazi ni kazi." Hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo lililomuumiza mwanawe bila kifani.

Basi pini ya pili ikaviringishwa kitambaa.

Siku zilizofuata Twaiba aliweka redio mkono wa kulia ili kimya kile kisimle. Haikufaa. "Redio haikohoi," asema. "Sasa nitajuaje kama uji umenyweka?" Alipika chakula cha mtu mmoja akakimwaga. Alipokuwa akisubiri simu ya mteja alijikuta ameinamisha kichwa upande wa kulia, anasikiliza kisichokuwapo. Alimwomba Maimuna apite kwa mama kila asubuhi, na Maimuna alipita, Mungu amlipe, lakini naye ana watoto na ana biashara yake ya mihogo.

Ni Maimuna aliyeona mambo ya upande wa Shimoni. "Alikuwa akikaa mlangoni na simu mapajani," asema. "Ukili uko pale, hausukwi. Nikamwuliza, Bi Mejumaa, mbona husuki? Akaniambia, 'Nitasukaje, Maimuna, na nyumba imenyamaza?'"

Siku ya kumi na saba, Bi Mejumaa alimwita Maimuna akamwambia ambonyezee namba. Akaitaja kwa moyo, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kukwama. Maimuna hakuijua. Ilikuwa namba ya bure ya wateja. Miezi minne alikuwa ameisikia katika sikio lake mara themanini kwa siku, na kichwa kisicho na macho hakipotezi kitu.

Mara ya kwanza alipokewa na kijana aitwaye Cliff. Mara ya pili na msichana wa Mombasa. Kila mmoja aliamkiwa, akaulizwa hali ya nyumbani, akaulizwa wazee, kisha akaombwa amwitie Twaiba. Wote walijibu kwamba hawana njia ya kumwitia, wako mbali naye, ajaribu tena. Mara ya tatu alingoja foleni dakika kumi na moja, akisikiliza ule muziki wao.

Twaiba aliona taa ya kijani ikiwaka. "Karibu. Unazungumza na Twaiba. Nikusaidie nini?"

Kabla ya sauti alisikia jogoo. Alimjua jogoo yule.

"Twaiba!"

Karatasi ilikuwa pale pale juu ya kioo, USIITIKE. "Abee mama," akasema.

"Sina tabu, mwanangu. Nimekuja kukusikia tu. Endelea na kazi."

"Mama, niendeleeje? Mteja ni wewe!"

"Basi niambie yale unayowaambia."

Laini inarekodiwa na maonyo ni mawili. Twaiba alikuwa na njia moja ya kukata simu ile kwa salama: kusema kwamba mteja amekosea namba. Hakuitumia. Alivuta pumzi, akaanza maneno ya kazi kama yalivyoandikwa, tangu juu.

"Asante kwa kutupigia."

"Asante nawe, mwanangu."

"Tunakuomba radhi kwa kukungojesha."

"Nimekusamehe."

Asema alifunika maiki kwa kiganja, akalia kwa sekunde chache, kisha akafunua akaendelea, maana maandishi yalikuwa hayajaisha. Alimwuliza kama kuna lingine angependa kusaidiwa.

"Liko," alisema Bi Mejumaa. "Huyo Cliff yuko Eldoret, ana mafua, masikini, na hana wa kumkorogea hata uji. Na yule wa Mombasa pia yuko peke yake. Mbona hukuniambia, Twaiba? Mbona hukuniambia kwamba ninyi nyote mko peke yenu?"

Maandishi ya kampuni yalikuwa yamebakiza kuaga tu. Twaiba alimtakia siku njema.

Simu ikikatika, kompyuta hutaka sababu ya mteja kupiga: kifurushi kimechelewa, kimepotea, kimeharibika, mengineyo. Alichagua mengineyo. Chini yake pana nafasi ya maelezo, nayo haipiti tupu. Aliandika: Mteja ameridhika.

Mteja hutumiwa pia ujumbe wa kutoa alama, moja hadi tano. Maimuna alimsomea Bi Mejumaa na kumwuliza ampe ngapi. "Kwani mwisho ni ngapi?" aliuliza mama. Akampa zote.

Kisha ilikuja hofu. Siku tatu Twaiba aliingoja barua. Alihesabu miezi ambayo angeweza kuilipia kodi bila kazi, akapata mmoja na nusu. Siku ya nne Maryanne alipiga.

"Nimesikiliza ile call," alisema. "Nimeisikiliza mara mbili."

Twaiba aliishika bangili, akaanza kuizungusha.

"Huyo ni mteja. Amepiga namba ya wateja, amengoja kwa foleni kama wengine. Umemhudumia, na maandishi umeyafuata mwanzo mpaka mwisho. Mimi sioni kosa hapo." Kisha akaongeza, "Lakini ile waya ya simu, hapana. Hiyo isirudi. Siwezi kukutetea mara mbili."

"Nimefahamu."

"Na mwambie mama asipige kila siku. Cliff ameanza kumwulizia."

Ndivyo mambo yalivyo leo. Kazi ipo. Mama hupiga mara moja kwa wiki kama raia yeyote mwenye malalamiko, na akimpata Twaiba ni bahati yake, asipompata humjulia hali atakayepokea. Jumapili moja kati ya mbili Twaiba huenda Shimoni, akapika, akafua, akapanga vitu pale pale vilipo ili mama asipotee. Siku nyingine zote, saa za kazi, sikio la kulia halina mtu.

Tumaini lake ni nguzo.

Mwezi wa pili watu wa intaneti ya waya walisimamisha nguzo hatua ishirini kutoka mlangoni kwa Bi Mejumaa. Walisema waya utavutwa baada ya Ramadhani. Ramadhani imekwisha, Idi Kubwa nayo imepita. Kila asubuhi, kabla ya jua kukaza, mama hutoka, huhesabu hatua zake, huipapasa nguzo kwa kiganja na kurudi. Jioni humweleza mwanawe habari zake: imesimama, haina kitu.

"Ukifika tu, ninahama siku hiyo hiyo," asema Twaiba. "Meza naijua itakaa wapi. Hedifoni nitampelekea Kibwana airudishe pini moja, maana mama atakuwa nyuma yangu." Anaitazama pini iliyofungwa kitambaa. "Naogopa kitu kimoja. Naogopa waya ufike na yeye hayupo. Nikisema hivyo watu huniambia nisitamke mabaya. Lakini ana miaka sabini na sita, na wale watu wa waya hata simu zangu hawapokei."

Saa kumi na moja jioni taa ya kijani inazimika. Twaiba anaibandua ile karatasi ya USIITIKE, kama afanyavyo kila jioni, na kuilaza kifudifudi mezani. Anachomoa pini ya kompyuta. Anainama chini ya meza, anaufungua uzi, anakikunjua kitambaa, na kuichomeka pini ya pili kwenye simu.

"Siku nitakapofanyia kazi kule," asema huku anatafuta jina, "akiniita nitaitika. Mteja akisikia, basi asikie."

Simu inaita Shimoni. Chumbani hakisikiki kitu, maana hedifoni humpa mwenyewe peke yake. Anayetazama huona tu kichwa chake kikiinama kuelekea kulia na mabega yakishuka.

"Abee mama," asema Twaiba. "Nipo. Je, uji ulikunywa?"